Mahindi ya Ghorofa ya Tatu

Watu wa Sumbawanga hawana haraka na maghorofa. Ardhi ipo, imelala kutoka Mazwi mjini mpaka macho yachoke, na mtu akihitaji chumba kingine anajenga pembeni ya kile cha kwanza. Ndiyo maana Edith Nkoswe aliporudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kusanifu majengo marefu mpaka akaota mvi za kwanza, akafungua ofisi Mazwi na kutundika kibao cha "Wahandisi wa Majengo Marefu", watu walikisoma, wakamwonea huruma, wakamletea kazi za vyoo.

Alizifanya. Choo cha Edith kilikuwa na mchoro, mchoro ulikuwa na saini, na choo chenyewe kingeweza kukaa palepale hata kama mji mzima ungetikisika. Fundi mmoja alimwuliza kama kuna watu watakaolala juu yake. Edith akajibu kwa upole kwamba hapana, hakuna. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Ukimwona amekunja mdomo kidogo upande mmoja, ujue hapo amefurahi sana.

Ofisini alikuwa na mwenzake mmoja tu, mzee Zenon, mhandisi aliyestaafu serikalini akaona nyumbani kunamchosha. Kazi ya mzee Zenon ilikuwa kuhakiki mahesabu ya Edith na kulalamikia baridi. Wote wawili walivaa sweta mwaka mzima na kuitana "mhandisi". Na tuelewane mapema: kazi ya wahandisi wa aina yao si kuchagua rangi wala kupamba madirisha. Ni kuuliza swali moja, kitu gani kitakaa juu ya hiki, na hiki kitakibeba? Ukiwauliza habari za rangi wanatazama pembeni.

Basi akatokea Felisiani, mdogo wake marehemu baba yake Edith, mfanyabiashara wa mahindi. Felisiani alikuwa amekwenda Mbeya kwa shughuli zake, akalala hotelini juu, asubuhi akafungua pazia. Alirudi akiwa mtu mwingine kabisa.

"Mwanangu, nataka ghorofa nne," alisema. "Nataka nikisimama juu nilione shamba langu la Mollo."

Edith akakunja mdomo upande mmoja.

Likajengwa. Alisimamia kila nondo na kila ndoo ya zege mpaka mafundi wakawa wanamkimbia. Lilipokwisha, padre akalibariki, na Edith akaombwa aseme neno. Alisema, "Jengo hili lina nguvu. Litawaona wajukuu zenu." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Watu walipiga makofi na, kwa bahati mbaya, walimwamini.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwapo Mwalimu Yonas, mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo cha walimu. Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Chama kilitaka kujenga hosteli ya ghorofa nane. Nane! Mzee Zenon alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Edith alianza kuichora jioni ileile. Ndiyo kazi iliyomrudisha nyumbani, ila alikuwa hajalijua jina lake mpaka siku hiyo, na sasa aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Ghorofa la Felisiani nalo likawa linatafuta wapangaji. Chini maduka yalijaa. Ya kwanza ikapata saluni. Ya pili akaipanga Christopha, mshonaji, pamoja na wasichana aliokuwa akiwafundisha cherehani. Ya tatu haikupata mtu, maana nani atapanda ngazi zote zile kwa hiari yake? Ya nne Felisiani aliweka kiti kimoja, cha kukaa na kutazama Mollo.

Mwaka huo mvua ilikubali na mahindi yakawa mengi kupita kiasi. Bei ikalala chali. Kila mwenye mahindi akasema siuzi, nasubiri ipande, na ghala zote zikajaa mpaka mlangoni. Miezi michache ikapita. Siku moja Christopha akampigia Edith simu.

"Mhandisi, mlango wangu haufungi."

"Umevimba na unyevu. Mwite seremala apige randa."

"Amepiga. Ukafunga, ukagoma tena. Amepiga tena. Sasa mlango umekuwa mfupi na bado unagoma. Mhandisi, mbao zenu ni mbichi."

Edith akaenda. Akapapasa fremu ya mlango kwa juu, akaikuta imebanwa. Akainua macho darini, akaona ufa mwembamba umepita katikati ya chumba, na chini ya ufa ule wasichana wanashona sare za shule huku wakiimba. Alipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, akasukuma mlango. Haukufunguka wote, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mahindi.

Yalikuwa yamepangwa ukuta kwa ukuta, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Tena si magunia ya kistaarabu, ni lumbesa, yale yanayoshindiliwa mpaka mdomo haufungi, wakashonea juu yake kipande cha gunia jingine. Kila mwenye mali alikuwa ameweka alama yake. Edith akasoma alama zile na kukuta ni ukoo wake mzima. Kulikuwa na ya Felisiani, kulikuwa na ya binamu yake Modesti wa Mollo, ya shangazi Adela, ya ndugu waliotoka Kaoze kule bondeni na gari la kukodi. Hata ya mama yake mzazi, mama Bertha, yalikuwapo, yamefungwa kwa vipande vya kitenge. Kumbe ukoo ulikuwa umekaa ukakubaliana kwamba mahali salama kuliko pote Rukwa nzima, pasipo na panya wala unyevu, ni kwenye nyumba iliyochorwa na mtoto wao.

Aliogopa kiasi kwamba alishuka ngazi akitembea kandokando ya ukuta.

Felisiani alimpokea kwa furaha.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Umeyaona?"

"Nimeyaona. Lazima yashuke leo."

"Yashuke yaende wapi? Chini kuna panya."

"Baba, sakafu ile nimeichora kwa ajili ya watu. Watu na meza zao."

"Haya. Watu wanaruka, wanacheza muziki, wanapigana. Mahindi umewahi kuyaona yanapigana? Yametulia tangu yapande."

"Ndiyo shida yenyewe, baba mdogo. Watu jioni wanarudi kwao. Tena watu hawapangwi mmoja juu ya mwingine mpaka darini."

Felisiani akafikiri. "Wewe si ulisema jengo lina nguvu?"

"Lina nguvu."

"Basi."

Hapo mazungumzo yakaisha. Ila Felisiani si mtu mbaya. Alisema wenye mali wengine wakitoa ya kwao, na yeye atatoa.

Edith akamshusha Christopha na cherehani zake barazani siku hiyohiyo, akawaambia watu wa saluni nao wafunge. Yeye na mzee Zenon wakaleta mirunda, ile miti mirefu ya kushikizia zege, wakaisimamisha kutoka chini mpaka kwenye ile sakafu. Ingewasaidia kwa siku chache, si zaidi. Taarifa akaipeleka kwa wanaohusika, nao wakaahidi kuja kuangalia wiki inayofuata. Kisha akaanza kuwazungukia ndugu zake mmoja mmoja.

"Yangu ni machache," alisema Modesti. "Waanze wenye mengi."

"Yangu yako pembeni," alisema shangazi Adela. "Waanze wa katikati."

Wa Kaoze wakasema kwenye simu kwamba wao wametoka mbali, waanze wa karibu. Na wote, kila mmoja kwa wakati wake, walimtia moyo. "Usijidharau, mwanetu," walimwambia. "Sisi tunakuamini."

Jumamosi asubuhi gari jingine lilisimama mbele ya jengo likiwa na mahindi. Edith akatoka mbio. Dereva akamweleza vizuri, bila haraka, kwamba kule walikotoka wamesikia mhandisi mwenyewe amekuja kuongeza nguzo, kwa hiyo sasa nafasi ipo zaidi.

Edith alilirudisha gari lile kwa maneno ambayo hatukuwahi kujua anayafahamu. Halafu akaenda ofisini, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti.

"Mhandisi," alimwambia mzee Zenon, "nimewaambia ukweli wiki nzima na umeshindikana. Kesho baada ya misa ya pili nitawaambia nilikosea. Nitasema jengo ni bovu."

Mzee Zenon akaweka kalamu chini. "Mahesabu yale niliyahakiki mimi. Hayana kosa hata moja."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana naomba ruhusa yako."

"Na Mwalimu Yonas huwa anasali misa ya pili."

"Hilo nalo nalijua."

Mzee Zenon alifunga vifungo vya sweta yake mpaka cha shingoni. "Ruhusa ya kitu kama hicho watu wanaiombaje?" alisema kwa hasira, halafu sauti ikamshuka. "Sema tu, binti yangu. Wasichana wale wanataka kurudi kwenye cherehani zao."

Jumapili, misa ya pili ilipotoka na watu wakiwa wanasalimiana pale nje, Edith alipanda kwenye ngazi ya kanisa. Akasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku ya kubariki jengo:

"Ndugu zangu, ghorofa la baba mdogo Felisiani nililichora vibaya. Mahesabu yangu yalikuwa na makosa. Ni jengo bovu, na linaweza kuanguka. Mwenye mali mle ndani akaitoe sasa hivi."

Kisha shangazi Adela, yule mwenye magunia pembeni, akajifunga kanga kiunoni na kuondoka bila kuaga mtu. Ukoo mzima ukamfuata. Haki ya Mungu, kama ni mbio, siku ile Sumbawanga ilizishuhudia. Waliochelewa walilaumu waliotangulia kwa kuziba ngazi. Modesti, mwenye machache, ilibidi akodi vijana wa kubeba, maana machache yake yalikuwa hayaishi. Kabla jua halijazama magunia yalikuwa barabarani chini ya maturubai, na ukoo umesimama mbele yake unaangalia juu, unasubiri lianguke. Halikuanguka. Wengine walionekana kuvunjika moyo kidogo.

Mwalimu Yonas alimfuata Edith palepale kanisani. Alimpa mkono, akamwulizia hali ya nyumbani, akasema, "Tutaonana, mhandisi." Hawakuonana. Hosteli ya ghorofa nane ilichorwa na watu wa Mbeya. Felisiani alinuna mwezi mzima, akisema mtoto amemvua nguo mbele ya kanisa. Bei ilipopanda akauza vizuri na akaanza tena kuitikia salamu. Ofisini kazi za vyoo nazo zilipungua. Mama mmoja alikuja na mchoro wake mkononi, akauliza kwa adabu kama ukuta wa choo chake nao una makosa, na kama kuna mtu mwingine anayeweza kuuangalia. Edith akamwelekeza kwa mtu mwingine. Mlango ulipofungwa aliumia, na mzee Zenon alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza ili asimtazame.

Ila hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile, asubuhi, Edith alipanda kwenda kuikagua sakafu. Ufa ulikuwa haujaongezeka. Mlango wa Christopha ulifunga, ukaacha pengo kubwa juu kwa sababu ya randa. Akaendelea mpaka ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, isipokuwa magunia machache yaliyosimamishwa mstari mmoja kwenye dirisha la upande wa barabara kuu, yamefungwa kwa vipande vya kitenge.

Akampigia mama yake.

"Mama, shikamoo. Magunia yako bado yako huku juu."

"Marahaba. Najua yaliko. Mimi ndiye niliyewaambia vijana wayasogeze."

"Mama, jana hukunisikia? Nimetangaza jengo ni bovu."

"Nilikuwa nimesimama mbele yako, Edith. Nilikusikia unadanganya mlangoni mwa kanisa, tena Jumapili, bado una komunyo mdomoni. Uende ukaungame." Mama Bertha akakohoa. "Hayo yaliyobaki, sakafu haiyawezi?"

Edith akayatazama. Yalikuwa machache kweli, tena yako juu ya boriti.

"Inayaweza."

"Basi yaache hapo dirishani. Watu wanaopita barabarani wayaone."

Simu ikakatika. Edith alikaa juu ya gunia moja, akalia mpaka akamaliza, kisha akashuka kwenda kuondoa mirunda.