Tairi zangu kumi na nane, safari yangu ya Dar, na dengue iliyomlaza Mama Hawa

Wakuu, salamu kwenu na mihangaiko yenu.

Mimi duniani hapa hakuna cha kunishangaza. Nimelala porini na gari bovu siku nne. Nimeibiwa mzigo wa ufuta nikaanza upya. Shule niliacha darasa la nne, na leo wenye digrii wananipigia simu kuomba lifti.

Basi someni kilichonishangaza. Tairi bado zipo hapa Chinongwe, anayebisha aje azihesabu.

Ziko kumi na nane. Kila gari nililowahi kumiliki, tairi zake zikiisha sizitupi. Nazilaza mstari kutoka barabarani mpaka barazani, napaka rangi nyeupe. Mgeni akija namtembeza: hii ya Canter ya kwanza, ilibeba korosho za Matambarale, hii ilipasukia Naipingo nikiwa na tani tatu.

Mvua zilipochanganya, mke wangu akasema, "Baba Hawa, hizo tairi zinajaa maji. Nipe hela ya toroli za udongo nizijaze, nipande mchaichai."

Nikamwambia historia yangu haipandwi majani.

Akaja Zainabu, mhudumu wa afya wa kijiji, rika la binti yetu. Akachota maji ya tairi kwa kikombe, akanionyesha vidudu vinavyojinyonganyonga.

"Baba, hawa watakuwa mbu wa mchana. Ndio wanaoeneza dengue."

"Mbu wa mchana? Kwani ameajiriwa huyo, anaripoti saa mbili asubuhi?"

Watu barazani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kuyamwaga ni dakika kumi tu, baba." Nikamwambia aende kwa wasio na neti.

Sasa hapo tulieni. Siku hizo hizo nilikuwa nimetoka Dar kufuata spea, nimerudi na homa, macho yanauma kwa ndani. Nikasema malaria ya safari. Nikashinda barazani najipepea. Siku ya tano nikasimama, nikatamba sana.

Kama wiki tatu zikapita, akaanguka Mama Hawa. Homa, kichwa, viungo kama kapigwa. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Nesi akasema nimpeleke hospitali wakapime zaidi, na kwa maumivu nimpe paracetamol peke yake.

Nikaona ananichelewesha. Nikapita duka la dawa, nikachukua diklofenaki, ile wanayomeza wapakiaji wangu wakishusha magunia.

Siku ya nne homa ikashuka. Nikatangazia mtaa mzima kwamba nimemtibu mwenyewe.

Alasiri ile ile fizi zikaanza kutoka damu. Tumbo likambana, akatapika mara tatu. Nikampakia, nikaishika barabara ya Nachingwea, mashimo hata sikuyaona.

Njiani akanong'ona, "Baba Hawa, nikifa usinizike karibu na tairi zako."

Nikakanyaga mafuta zaidi.

Hospitali wakapima, dengue. Daktari akauliza amemeza nini. Nilipotaja, akafumba macho kidogo. Akasema dawa ile kwa ugonjwa huu inaongeza hatari ya kutoka damu, na homa inaposhuka ndipo mgonjwa anatakiwa kuchungwa zaidi. Wakamtundikia dripu, wakamshushia neti saa sita mchana ili mbu wasimnyonye wakapeleka ugonjwa kwa wengine. Shemeji zangu walipoingia na kuiona ile neti, wakaanza kulia wakidhani tayari.

Kisha daktari akauliza, "Nyumbani kuna mtu alirudi safari akiwa na homa?"

Nilitoka nje. Nikazunguka uwanja ule mpaka mlinzi akanifuata: "Mzee, umepoteza kitu?" Nikanunua chai mara tatu, zote nikaziacha nusu. Homa nimeileta mimi. Mbu nimewafuga mimi. Wameninyonya barazani kwangu, wakaenda kwake.

Siku ya tatu wodini fizi zikakauka. Akaomba uji. Nikalia mbele za watu, semeni mnavyotaka.

Wakuu, neti ya usiku peke yake haimzuii huyu mbu. Mwaga maji yaliyotuama kila wiki, funika mapipa. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe, kunywa maji sana, achana na diklofenaki na aspirini. Na homa ikishuka usitambe kama mimi. Ukiona damu, tumbo kuuma au kutapika, kimbia hospitali.

Mimi mpaka sasa kukaa siwezi, naandika huku natembea uani. Mtu akikohoa tu namgusa paji la uso.

Nanyi semeni, huko kwenu mmeweka nini uani mnachokionea fahari? Hata kunisema ruksa.

Mtauliza imenigharimu kiasi gani. Ya hospitali nimelipa, hayo tuyaache. Tairi zimejazwa, Zainabu amesimamia, mchaichai umeshika. Toroli tisa za udongo, kila moja elfu moja na mia tano, zile zile alizoniomba Mama Hawa nikamnyima.

Shilingi elfu kumi na tatu na mia tano.