Kitabu Kilisema Kumi na Nne

Nilianza kufundisha nikiwa na miaka kumi na tisa, katika kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Nilikuwa mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu harakaharaka, kwa sababu watoto wote walitakiwa shuleni na walimu hawakutosha. Aljebra sikuielewa. Nikapewa darasa la saba hivyohivyo.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni 3a + 2, nikasema a ni 4. Nikafuta a, nikaweka 4 mahali pake. Ikawa 34. Nikajumlisha 2, nikapata 36.

Msichana mmoja, mwepesi kuliko wenzake wote, ndiye aliyekuwa ameshika kitabu chetu pekee chenye majibu. Akasimama.

"Mwalimu, kitabu kinasema kumi na nne."

"Wachapaji wamekosea. Kaa chini."

Hakukaa. "Na swali la pili nalo wamekosea?"

Nilimtoa nje akapige magoti juani mpaka kengele. Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo alipata majibu kama yangu, yeye na darasa zima.

Wakafanya mtihani wa taifa. Hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari.

Miezi michache baadaye tuliletewa mwalimu mkuu mpya kutoka Shinyanga mjini. Alipita dirishani nikifundisha somo lilelile kwa darasa lililofuata, akaingia, akachukua chaki.

"Kati ya tatu na a kuna alama ya kuzidisha, ila haiandikwi," alisema taratibu. "Ni tatu mara nne."

Hakunifokea. Heri angenifokea.

Jumamosi nilitembea hadi kwao yule msichana. Nilimweleza baba yake kosa langu, nikamwomba amrudishe binti akarudie darasa. Mzee akaonyesha zizi.

"Mwalimu, ng'ombe wa mahari wameshafika."

Binti alikuwa akitwanga pembeni, amesikia yote. Akasimamisha mchi.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea. Nilikosea mimi."

Akanitazama, kisha akaendelea kutwanga.

Aliolewa Segese baada ya mavuno ya pamba. Sijui kama ni aljebra iliyomwangusha. Mtihani ulikuwa na maswali mengi. Miaka kadhaa baadaye tulikutana mnadani, yeye akiwa na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia marahaba nikitazama chini.