Aliyekatwa Tumbo

Watu wa mlimani, huko Caruaru nchini Brazili, walikuwa wamemzoea Edivânia akiwa mnene kama walivyozoea kengele ya kanisa lao. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na watoto walimpenda kwa sababu mkono wake haukuwa mzito wa kupakua. Wakubwa nao walimpenda, ila mapenzi yao yalikuwa na miiba.

"Vânia, hicho kiti usikikalie, tumekinunua juzi tu!"

Naye alikuwa wa kwanza kucheka. Tangu utotoni alijua kwamba mnene asipojicheka mwenyewe, watamcheka hivyo hivyo, tena bila kumkaribisha kwenye kicheko. Akacheka miaka na miaka, mpaka kicheko chenyewe kikawa kazi kama kazi nyingine, ya kufanywa hata siku ambazo mtu hajisikii.

Baba yake, mzee Abdias, aliyekuwa akiuza jibini sokoni, alikuwa na mwili kama wake. Alipofariki, jeneza la dukani halikumtosha. Seremala alishinda asubuhi nzima akipigilia mbao uani, huku waombolezaji wakimtazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Jeneza lilipokuwa tayari, mlango ukagoma. Ikabidi wang'oe fremu kwa nyundo. Mtu mmoja nje akasema, "Mzee huyu hata kufa anasumbua," na wengine wakachekea puani.

Edivânia alisikia. Alikuwa amemshika mkono mama yake, Bi Quitéria. Siku hiyo hakulia. Alilia Jumatatu, kazini, akimenya viazi, na alipoulizwa akasema ni vitunguu, ingawa hata kitunguu kimoja hakikuwapo mezani.

Tayari alikuwa na kisukari na presha, na magoti yake yalikuwa yakilia kila akipanda kilima. Usingizi wake ulikuwa wa kukabwa: anakoroma, pumzi inakatika, na mumewe Genival anamtikisa kwa hofu. "Mke wangu, pumua! Pumua, nakuomba!" Na kujitahidi alikuwa amejitahidi. Alikunywa supu ya kabichi mpaka harufu ya kabichi ikamtia kichefuchefu. Alimeza vidonge vya majani kutoka sokoni. Alitembea alfajiri kabla ya kazi. Kilo zilikuwa zikiondoka kama wageni waliosahau kitu: baada ya muda mfupi zinarudi, tena zimeleta ndugu zao.

Daktari wa zahanati ndiye aliyemwambia habari za upasuaji wa kupunguza tumbo, unaofanywa bure katika hospitali ya serikali kule jijini Recife. Akaandikishwa. Akasubiri miaka. Kila alipoitwa alipanda basi kwenda kupimwa damu, kupimwa moyo, na kukaa kwenye kikao na wenzake wanaosubiri, watu ambao mbele yao hakulazimika kuchekesha mtu. Nyumbani aliyejua ni Genival peke yake.

Genival alikuwa akiuza suruali za jinzi sokoni na hakujua kunyamaza. "Ukishakonda utaniacha," alisema siku ya safari ya upasuaji. "Nani atabaki na mwanamume mwenye masikio kama haya?"

"Nikitaka kukuacha, nitakuacha na unene wangu huu huu. Nipe sanduku hilo."

Watu wengine wote waliambiwa anakwenda kutolewa mawe ya nyongo. Hakupenda kudanganya. Lakini aliwahi kumsikia Marluce, mpishi mwenzake, akimsema mwanamke wa duka la dawa aliyefanyiwa upasuaji huo. "Mvivu tu yule," Marluce alisema huku akikata karoti. "Kufunga mdomo kumemshinda, kaenda kushonwa. Hata mimi ningekonda hivyo!" Jiko zima likacheka. Edivânia naye akacheka.

Wanaosema ni njia ya mkato hawajawahi kuipita. Wiki za kwanza baada ya upasuaji alikunywa maji kwa kikombe cha kahawa, tone kwa tone. Siku alipojaribu kipande cha nyama kikubwa kuliko alivyoruhusiwa, alitapika mpaka mbavu zikauma. Nywele zilimtoka kwa mafungu, zikaziba tundu la bafu. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna daktari aliyemwandaa kwalo: alikikumbuka chakula kama mtu anavyomkumbuka marehemu. Furaha zake zote zilikuwa zimepitia mdomoni, na sasa mlango ule ulikuwa umebaki tundu dogo. Jioni alikaa mbele ya kijiko chake cha supu bila kujua afanye nini na saa zilizobaki.

Lakini alilala. Mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilala mpaka asubuhi, na Genival akaamka kwa hofu akaweka kiganja mbele ya pua yake kuhakikisha yu hai.

Alirudi kazini, na mwili ukaendelea kupungua. Kwanza watu walinong'ona kwamba ana kansa, wengine wakamletea sala na majani ya kuchemsha. Walipoona anapanda kilima bila kusimama, minong'ono ikageuka sifa. "Shoga, umewezaje?" Marluce alimshika kiuno kwa mikono miwili. "Wewe ni chuma! Sisi wengine tungekufa njiani!" Walimu ambao hawakuwahi kumsalimu kwa jina sasa walimwita Vânia. Sifa zile zilimchosha kuliko matusi ya zamani. Kila akisifiwa alihisi amevaa nguo ya kuazima, na kwamba mwenyewe yuko njiani kuja kuidai.

Mwalimu mkuu Solange akamwita ofisini. Palikuwa na mkutano wa wazazi kuhusu watoto na chakula bora. "Dada Vânia, njoo uwaeleze akina mama ulivyofanya. Maneno yangu hawayasikii. Wewe wanakuona kwa macho."

Alitaka kukataa. Ila alikuwa amechoka hata kutafuta uongo mwingine, akaitikia.

Siku ya mkutano alisimama mbele ya akina mama waliopakata watoto, na Marluce akiwa mlangoni na taulo begani. Mama mmoja wa mbele, mnene, alikuwa amekalia ncha ya kiti kwa tahadhari. Edivânia aliijua tahadhari ile. Maneno aliyoyaandaa yakamtoka akilini.

"Sikufanya chochote mnachoweza kufanya nyumbani," alisema. "Nilifanyiwa upasuaji. Walinikata tumbo, wakaacha dogo. Kabla ya hapo nilijaribu yote mnayoyajua na nikashindwa. Nikiwaambia ni saladi, nitakuwa nawaongopea, na kuna atakayekwenda nyumbani kulia kwa sababu saladi haikumsaidia."

Kisha mmoja wa nyuma akasema, bila kushusha sauti, "Aa, kumbe! Basi hapo hamna la kusifu."

"Hata mimi nikikatwa nitakonda," akadakia mwingine, na kicheko kikapita chumbani. Mwalimu mkuu akashukuru haraka, akaanza kuzungumzia matunda.

Jikoni, Marluce hakumtazama. "Ungeniambia," alisema. "Nimekusifu mtaa mzima kama mjinga."

"Sikukuomba unisifu, Marluce."

"Lakini ulizipokea sifa."

Ilikuwa kweli. Akachukua sufuria akaenda kuiosha.

Habari zilifika kwa mama yake kabla yake. Alimkuta Bi Quitéria amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nilikuzaa mzima," mama alisema. "Mzima! Ukaenda kulala ukatwe kama ng'ombe, na mimi mama yako napewa habari na muuza mkate!"

"Nisamehe, mama. Nilijua utanizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo! Baba yako aliuacha mwili wake kama Mungu alivyompa."

"Baba hakupita mlangoni, mama."

Bi Quitéria akageuka kuitazama fremu mpya, ambayo mpaka leo haijapakwa rangi. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, akamwacha bintiye nje.

Wiki zikapita bila neno kutoka kwa mama. Shuleni watu walimpa jina: Aliyekatwa Tumbo. Akila kidogo, walisema anaringa. Akila kipande cha keki, walisema pesa za serikali zimepotea bure. Alipoongezeka kilo chache, kama daktari alivyomwonya, Marluce alimwona zipu ikikaza akatabasamu kidogo tu, na hilo lilitosha. Zamani Edivânia angeitikia kwa mzaha. Sasa hakuwa na mzaha uliobaki. Alifanya kazi yake akaenda nyumbani.

Ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Yohane, barabara ikajaa kuni za mioto na harufu ya mahindi mabichi. Bi Quitéria alituma ujumbe kupitia kwa Genival: mikono yake haina nguvu tena ya kukoroga kanjika, ule uji mzito wa mahindi na nazi, na kama mtu anataka kuja kukoroga, mlango hauna kufuli. Edivânia akaenda. Walisimama pande mbili za sufuria uani, wakipokezana mwiko, na hawakuzungumza ila "ongeza moto" na "punguza".

Jirani mmoja, Bi Ozana, akachungulia juu ya ukuta. "He, Vânia! Wewe unakoroga, lakini atakula nani? Si hilo tumbo wamekuachia la kuku?"

Edivânia alifungua mdomo, bado hajachagua kati ya kucheka na kujibu. Mama yake akamtangulia.

"Ozana, tumbo ni lake. Wewe nenda kakoroge sufuria yako, naisikia inaungua."

Bi Ozana akatoweka. Bi Quitéria akaendelea kuutazama uji. Bado alikuwa amenuna. "Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sijadhani, mama."

"Nywele zako zimekuwa chache."

"Zinaota tena. Polepole."

Mama akachota kanjika, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akanyunyiza mdalasini, akamwekea bintiye mbele kama alivyomwekea maisha yake yote. Edivânia akala vijiko vitatu, taratibu, akatua kijiko. Mama akalitazama lile bakuli. Akavuta pumzi ndefu, akalisogeza upande wake, akaanza kula kilichobaki.

Jioni mioto ikawashwa na mtu akaanza kupiga kinanda cha kuvuta. Genival alikuja kumchukua mkewe wakacheze. Akamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba, viatu pembeni, akijisugua nyayo.

"Twende, mke wangu. Wanakusubiri."

"Wanasubiri kuniangalia."

"Basi waangalie. Nimevaa shati jipya, wataniangalia mimi."

"Ngoja kidogo, Genival," alisema. "Acha nipumzike kwanza."

Genival akaketi naye kwenye ngazi.