Wanamlaumu mzee wa watu kwa mguu wa Simiti, na sindano ilikuwa yangu

Admin, nifiche jina na kijiji pia, sema tu ni upande wa Khayega. Jina la fahali nimebadilisha, kwa sababu shangazi yangu anashindanga kwa hii page na mdomo wake hamuujui.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mzuri wa sura, hiyo mtaniamini tu kwa vile picha haiwekwi. Kidato cha nne nilitoka na D plasi, na hiyo plasi niliipigania. Chuo kimoja cha mifugo kikanichukua, niko mwaka wa kwanza. Kijijini nilianza kuitwa Daktari siku niliponunuliwa koti jeupe. Nililivaa mpaka kanisani.

Wiki ya kwanza ya maabara ya anatomia, ng'ombe amelazwa mezani, amelowekwa dawa inayochoma macho, wenzangu wanatoka nje kutapika. Mimi nilikuwa mlangoni nakula mandazi. Nimekua nikimsaidia mjomba kuchinja, ni sehemu gani ya ng'ombe mtanionyesha? Mwalimu akiuliza msuli huu unaitwaje, najibu, "Hiyo ni steki, mwalimu." Darasa zima chini kwa kicheko. Siku ya mguu wa nyuma nilikuwa naigiza vile mwalimu anatembea, kwa hivyo alichosema sikukisikia.

Mtihani ukaja. Swali moja lilitaka tuchore mguu wa nyuma, tuonyeshe neva kubwa inapopita. Nilichora paja safi sana. Neva sikuweka. Nikaanguka anatomia, nikapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, na barua kwamba nikianguka tena nirudi nyumbani moja kwa moja. Likizo ilipofika barua nikaificha chini ya godoro. Baba alipouliza matokeo nikamwambia, "Baba, huko wananiogopa."

Sasa huku kwetu mafahali wanapiganishwa. Baba yangu anaye mmoja, Simiti, analishwa molasi na anaongeleshwa kuliko mama. Likizo hiyo Simiti alipigana na fahali wa jirani yetu, nitamwita Mzee wa Ng'ambo kwa vile boma lake liko ng'ambo ya kijito. Simiti alishinda, lakini alitoka na jeraha la pembe begani. Ngoma za isukuti zikilia, watu wakirukaruka, Mzee wa Ng'ambo alikuja akampigapiga Simiti kwa nyonga akamwambia, "Umepigana vizuri, mzee mwenzangu." Kila mtu aliona. Na huku, fahali wa mwenzako humgusi hivyo, utasemwa umemroga.

Watu wakasema aitwe daktari wa mifugo. Baba akacheka. "Nimwite wa nini na wangu yuko hapa?" Nikavaa koti. Jeraha niliosha vizuri, hapo sina deni na mtu. Halafu nikavuta dawa kwa sindano ile ndefu, nikaidunga matakoni, vile sisi watu tunadungwanga kwa zahanati. Simiti aliruka kama amekanyaga moto. Nikawaambia watu, "Hiyo ni dawa inaingia."

Asubuhi mguu wa nyuma, wa upande ule niliodunga, ulikuwa umelala. Anauburuta, kwato inakunjika, anakanyagia upande wa juu. Baba alimtazama, kisha akauliza, "Mzee alimgusa nyonga ya upande gani?" Ilikuwa ni upande huo huo.

Kuanzia hapo kila mtu anasema Mzee wa Ng'ambo alikuwa na kitu mkononi. Hawamsalimii. Wajukuu wake wamekatazwa kuteka maji kwa chemchemi yetu. Mimi nilinyamaza, lakini naapa hata mimi nilikuwa nusu naamini.

Juzi nilirudi chuoni kujiandaa kwa sapu. Fundi wa maabara, mama mmoja mpole, alinifunulia nyama ya paja akaniwekea kitu cheupe, kinene kama kidole changu, juu ya koleo. "Hii ndiyo neva yako. Ndiyo maana tunawaambia ng'ombe mumdunge shingoni. Ukimdunga hapa nyuma, mguu unakufa." Nikamuuliza kama hupona. "Wengine hupona, wakiangaliwa mapema na mtu anayejua. Mbona umebadilika hivyo? Si wewe ndiye wa mandazi?"

Nilienda nje, na mimi nikatapika.

Nimerudi nyumbani jana. Simiti amechubuka kwato mpaka damu. Nilimwambia baba tuite daktari mwingine, akasema nisijishushe, ugonjwa wa mkono wa mtu hautibiwi na sindano. Jumamosi wazee wanakaa. Wanataka Mzee wa Ng'ambo asikanyage tena uwanja wa mafahali, na kuna vijana wanaongea mambo ya kumchomea nyumba. Baba amewaahidi kwamba mimi nitasimama, kama msomi, niseme hakuna ugonjwa wa namna hiyo kwa vitabu.

Na leo Mzee wa Ng'ambo ameningojea kwa njia ya kijito. Hakunikasirikia. Alinishika mkono akasema, "Daktari, mimi sikusoma. Wewe waambie hiyo mguu ni ugonjwa gani, wewe watakusikia." Nikamwambia, "Sawa, kuka," vile huku tunaitanga babu, nikaenda.

Nikisema ukweli, baba ataaibika mbele ya wazee wote, koti litavuliwa, na barua ya chini ya godoro itatoka. Nikinyamaza, mnajua. Wale wa kunicheka nichekeni, hiyo nimezoea, lakini mkimaliza mnijibu.

Sapu ni Jumatatu. Swali la neva likija nitachora mpaka mwalimu ashangae. Ni la Jumamosi ndilo sijui naanza na neno gani. Ingekuwa ni baba yako amekaa hapo mbele, akikutazama na kile kicheko chake, ungeanza aje?