Daktari Ngoja Nisome

Wenzake kazini walimbandika jina la Ngoja Nisome, nalo likamganda. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, lakini haandiki dawa mpaka achungulie kwanza tovuti ya rejea ya madaktari, maana mambo ya vijidudu na dawa zake hubadilika kila uchao. Wala hakuchungulia kwa kujificha. Alisoma mbele ya mgonjwa, miwani puani, simu mkononi, amesimama kwenye dirisha la mwisho wodini, kwa kuwa kwingine mtandao haukufika. Kuuliza si ujinga, alisema, na wagonjwa wengi walimzoea.

Mama mkwe wake hakumzoea. Alilazwa kwa homa ya kuja na kuondoka, jasho la kulowesha shuka, viungo vinamuuma, amekonda mpaka pete inamcheza kidoleni. Malaria haikuonekana, homa ya matumbo nayo haikuonekana. Kila mkwewe alipokwenda dirishani, bibi aliwageukia wa vitanda vya jirani akawaambia kwamba mwanawe ameoa mwanafunzi. Asubuhi moja akafunga mzigo wake, akatangaza kuwa anakwenda kumtafuta daktari mwenye majibu kichwani.

Hapo Ngoja Nisome aliogopa kwelikweli. Homa ya namna ile ikiachwa huweza kuharibu mifupa, hata moyo, na huyu alikuwa mama wa mumewe. Akatoka dirishani na ukurasa wake, akaukalia ule mzigo usiende popote, akaanza kusoma kwa sauti maswali ya kumuuliza mgonjwa wa homa isiyoeleweka. Amesafiri karibuni? Hapana. Ameumwa na kupe? Hapana. Amekunywa maziwa yasiyochemshwa?

 Bibi alikuwa na mbuzi wake nyuma ya nyumba, na mwanawe alishamkataza maziwa mabichi. Siku ya kwanza daktari alimuuliza swali hilohilo kwa mdomo wake, akajibiwa kwa kiapo kwamba hayanywi. Sasa bibi aliikodolea macho simu.

"Imejuaje hiyo?"

"Haijui kitu, Mama. Inauliza tu."

"Kikombe kimoja asubuhi," akanong'ona. "Na kingine jioni."

Damu ikapimwa upya, wakamkuta na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Akapewa dawa za kumeza kwa wiki kadhaa. Homa ikamwacha, shavu likarudi, na ulimi haukuwa umeondoka.

Siku ya kuruhusiwa, Ngoja Nisome alimfungia mzigo mwenyewe.

"Mama, mimi nilikuuliza mapema. Mbona ulinificha mimi, ukaja kuiambia simu?"

"Wewe ungemwambia mwanangu," bibi akajibu. "Simu haina mume."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, lakini neno lile lilimwingia. Jioni mumewe alipomuuliza mama aliupata wapi ugonjwa huo, alimjibu akamuulize mama mwenyewe, kwani yeye ni daktari wa mama, na daktari hatoi siri ya mgonjwa.