Kibuyu cha Mama Masanja

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nyie mnaonifahamu hapa Mpanda mnajua: shule niliishia darasa la nne, na leo nina Fuso mbili, mashine ya kukoboa mpunga na nyumba ya bati la msauzi. Hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema, na sauti yangu si ndogo, mpaka siku nilipokwenda Kibaoni kununua mpunga. Nilipita karibu na bibi mmoja anayeuza vibuyu sokoni, harufu ikanisimamisha.

Kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi kina harufu yake: maziwa yaliyoanza kuchachuka, majivu, na ng'ombe kwa mbali. Hapo hapo nikawa mtoto tena, miguu imelowa umande, kule milimani Mwese.

Mwaka ule mahindi yetu yaliliwa na ng'ombe. Baba alirudi shambani ameshika bua moja lililotafunwa, akasema, "Wasukuma watalipa hili." Baadaye mama akajifungua mdogo wangu Jeneroza, halafu akaugua, maziwa yakamkauka. Tulimkorogea mtoto uji mwepesi, akautema. Alikuwa analia kama kitoto cha paka, na kila siku sauti ilizidi kufifia. Shangazi alishaanza kukunja vinguo vyake vizuri, kama vya mtu anayesafiri.

Ndipo asubuhi moja mama akaniambia, "Nenda bondeni kwa mama Masanja, akupe maziwa." Mama Masanja alikuwa Msukuma, ana ng'ombe. Kichwani mwangu hesabu ikakaa sawa: wameanza kulipa mahindi yetu! Nilishuka kile kilima nimetunisha kifua kama mjumbe wa nyumba kumi.

"Nimefuata deni letu," nikasema.

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, mdai amefika! Masanja, lete kibuyu haraka, asije akatufunga!"

Basi ikawa kila asubuhi. "Mdai, umeamkaje?" ananiuliza, nami naitikia kwa maringo. Kiangazi kilipokaza, siku moja niliona kibuyu hakijajaa, nikagoma kuondoka. "Leo mmenipunja." Mwanae Masanja, rika langu, ndio kwanza anapeleka kikombe mdomoni. Mama yake akakichukua, akakimimina kwenye kibuyu changu. "Haya bwana mkubwa, deni limetimia?" Masanja alinisindikiza kwa macho mpaka nikapotelea migombani. Mimi nilipanda kilima napiga mluzi.

Jeneroza akanenepa. Siku hizi yuko kwaya, na ukipita nje ya kanisa sauti unayoisikia ni ya kwake, wengine wanamsaidia tu.

Sasa pale Kibaoni nikainama kumtazama yule bibi vizuri. "Mama, wewe si mama Masanja wa kule Mwese? Mimi ni yule mtoto wa deni la mahindi."

Akapiga makofi. "Mdai! Umekuwa na tumbo!"

"Maisha, mama. Ila mlitulipa vizuri, hamkuwa watu wa longolongo."

Akaacha kucheka. "Kulipa nini, mwanangu? Wakati sisi tunahamia pale, mahindi yenu yalishaliwa zamani na ng'ombe wa watu wengine. Nilikutana na mama yako kisimani, mtoto yuko mgongoni, nikasikia anavyolia. Basi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungeona aibu kuja. Mtoto angekunywa nini?"

Nilikaa juu ya gunia la mtu bila kuomba. Padri wetu akihubiri neema ya Mungu, mimi huwa natazama ukutani nahesabu matofali niliyochangia. Kumbe neema yenyewe nilishaibeba kwa mikono yangu miwili, nikiwa peku, na nikailalamikia kwamba haijajaa. Na kile kikombe cha Masanja, mpaka leo sijui asubuhi ile alikunywa nini.

Nikatoa pochi. Mama Masanja akaisukuma. "Maziwa sikukuuzia. Kibuyu hiki ndicho ninachouza."

Mazoea yakanishinda, nikaomba apunguze. Biashara imenilea, watu wa mpunga wote wananiogopa kwa bei. Yule mama hakushusha hata mia. Kibuyu nimekitundika sebuleni, juu ya televisheni, na nilikilipia shilingi elfu saba na mia tano.