Mzee Aliyeandika Pembeni ya Fomu

Nilikuwa ofisi ya kata, Malangali, hapa Sumbawanga, nikisubiri barua ya utambulisho. Mbele yangu alisimama mzee mmoja, mkulima wa ulezi, na binti yake anayesoma chuo kikuu. Chuo kilifungwa wanafunzi walipogoma kwa sababu ya mabweni kukosa maji. Sasa kinafunguliwa, lakini harudi mtu bila fomu yenye saini ya mzazi na muhuri wa kata.

Mzee aliisoma yote, kisha akaweka kalamu mezani.

“Wanataka nithibitishe kuwa mwanangu alikosa. Mimi sikuwepo.”

“Baba, basi linaondoka kesho alfajiri!” Binti alikuwa karibu kulia.

“Saini tu, mzee,” karani alisema. “Nani atakuuliza?”

“Nitajiuliza mwenyewe.”

Akaandika pembeni, polepole: Sikuwepo. Upande wa mwanangu nimeusikia. Nielezeni na wenu. Ndipo akasaini. Karani aliguna, akagonga muhuri.

Juzi nilimkuta yule mzee sokoni, nikamwamkia na kumuuliza habari za binti.

“Marahaba. Walimpokea, anasoma.”

Nilishusha pumzi. Akanionyesha barua kutoka chuoni, kurasa mbili, ikieleza kwa adabu kwa nini maji yalikatika na lini pampu mpya itafungwa.

“Binti ameniomba nimtumie,” alisema. “Wenzake wanataka kuisoma. Wao hawajaelezwa mpaka leo.”

Maelezo yamefika Sumbawanga salama. Sasa yanarudi chuoni kwa posta.